Nani Aliamua Hii Ndiyo Rangi Sahihi? Historia Fupi ya Kusawazisha Monita

Chukua picha moja ya harusi. Ifungue kwenye simu, kisha kwenye laptop, kisha mpelekee mtu wa steshenari akuchapie. Mara nyingi utapata picha tatu. Shela iliyokuwa nyeupe kwenye simu inaonekana na ubluu kidogo kwenye laptop, na kwenye karatasi bibi harusi amekuwa kama mtu aliyekaa kivulini. Faili ni lile lile. Namba zilizomo ndani yake ni zile zile. Sasa ipi kati ya hizo tatu inasema kweli?

Ukimuuliza mpiga picha mzoefu atakujibu haraka: sawazisha monita yako. Watu wa kompyuta huiita kazi hii kalibresheni, na kwenye maabara za vipimo utasikia neno ugezi. Maana ni ile ile: unachukua kifaa, unakilinganisha na kipimo kinachoaminika, unakirekebisha mpaka vikubaliane. Mizani ya muuza nyama inalinganishwa na jiwe la kilo. Jiwe hilo nalo lililinganishwa na jingine, na jingine, mpaka unafika kwenye kipande cha madini kilichotunzwa Sèvres karibu na Paris, ambacho ndicho kilikuwa kilo yenyewe hadi mwaka 2019.

Lakini rangi haina jiwe. Hakuna kabati duniani lenye "nyekundu halisi" iliyofungiwa ndani. Kwa hiyo unaposawazisha monita, unailinganisha na nini hasa? Swali hili linaonekana dogo, lakini jibu lake linapita kwenye macho ya watu 17 wa Uingereza, televisheni ya Zanzibar, kadi ya mwanamke aitwaye Shirley, na linaishia kwenye sura ya yule bibi harusi. Twende taratibu.

Rangi iko wapi?

Isaac Newton aliupasua mwanga wa jua kwa prizimu na kuonyesha kwamba mwanga mweupe ni mchanganyiko. Katika kitabu chake cha mwaka 1704 alisema jambo ambalo watu wengi hulipita bila kulitazama: miale yenyewe haina rangi. Ina uwezo tu wa kutufanya sisi tuone rangi. Yaani rangi ni kazi ya mwanga na ya jicho kwa pamoja.

Mwaka 1802 daktari wa London, Thomas Young, alipendekeza kwamba jicho halihitaji kipokezi kwa kila rangi. Vipokezi vya aina tatu vinatosha, na rangi zote nyingine zinatokana na jinsi vitatu hivyo vinavyosisimuliwa kwa viwango tofauti. Hermann von Helmholtz aliliendeleza wazo hilo Ujerumani, na James Clerk Maxwell akaamua kulionyesha hadharani.

Tarehe 17 Mei 1861, mbele ya hadhira ya Royal Institution mjini London, Maxwell alionyesha picha tatu za utepe wa kitambaa cha Kiskoti. Mpiga picha Thomas Sutton alikuwa ameupiga utepe ule mara tatu, kila mara kupitia kichujio chake: chekundu, kijani na bluu. Picha zote zilikuwa nyeusi na nyeupe. Lakini zilipomulikwa ukutani kwa taa tatu zenye vichujio vile vile na kupandishwa juu ya moja, utepe ulionekana una rangi. Kila skrini unayoitazama leo, ikiwa ni pamoja na hii unayosomea sasa, ni mtoto wa onyesho lile. Sogeza lenzi karibu nayo utaona vidoti vitatu: nyekundu, kijani, bluu.

Kuna utamu zaidi. Kemikali za picha za wakati ule hazikuweza kabisa kuhisi mwanga mwekundu. Onyesho la Maxwell halikupaswa kufanikiwa! Miaka 100 baadaye, mwaka 1961, mtafiti Ralph Evans wa Kodak alieleza kilichotokea: kitambaa chekundu kilikuwa kinaakisi pia miale ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, na kichujio chekundu kiliipitisha. Ile "nyekundu" waliyoiona watu siku ile haikutoka kwenye wekundu. Tangu siku ya kwanza, basi, picha ya rangi imekuwa makubaliano kati ya kemikali, vifaa na macho. Imewahi hata kuwa bahati.

Macho 17

Kufikia miaka ya 1920, viwanda vya rangi, taa na vitambaa vilikuwa na shida ya kweli. Mteja anataka vitambaa vya bluu ile ile aliyonunua mwaka jana. Utaiandikaje "bluu ile ile" kwenye mkataba?

Watu wawili Uingereza walilifanyia kazi swali hili, kila mmoja kivyake. David Wright, aliyekuwa Imperial College, alitumia watazamaji 10. John Guild, wa maabara ya taifa ya vipimo, alitumia 7. Kazi ilikuwa hivi: mtu anachungulia duara dogo lililogawanywa katikati. Upande mmoja kuna mwanga wa rangi moja safi. Upande wa pili kuna mchanganyiko wa taa tatu, nyekundu, kijani na bluu, na mtazamaji anazungusha vifundo mpaka mpaka wa katikati upotee na pande mbili zionekane sawa. Anaandika namba. Wanahamia rangi inayofuata. Tena na tena, kuanzia zambarau hadi nyekundu.

Baadhi ya rangi zilikataa kulingana. Ukitafuta kijani-bluu safi kabisa, hakuna mchanganyiko wa taa tatu utakaoifikia. Inabidi uchukue kidogo cha taa nyekundu ukiongeze upande wa pili ili ulinganifu upatikane. Kihesabu hiyo ni nyekundu hasi. Ndiyo maana mpaka leo hakuna skrini ya rangi tatu inayoweza kuonyesha kila rangi ambayo jicho linaiona, hata uilipie bei gani.

Vifaa vya Wright na Guild havikuwa sawa, lakini matokeo yao yalipogeuzwa kuwa kwenye mfumo mmoja, yalikaribiana sana. Mwaka 1931 tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, ilikutana Cambridge na kupitisha wastani wao kama "mtazamaji sanifu". Mtu huyu hayupo. Hana jina wala umri. Ni mistari mitatu kwenye grafu. Lakini karibu kila kifaa cha kupima rangi za skrini kinachouzwa leo, hata kile kidogo kinachobandikwa juu ya skrini kama panya wa kompyuta, kinauliza swali moja tu: je, mtazamaji sanifu wa 1931 angeona nini hapa?

Hapa naomba tusikimbilie kulaumu. Watu 17 wa nchi moja ni wachache, ndiyo. Lakini ulinganishaji wa rangi ni kazi ya vipokezi vilivyo nyuma ya jicho, na kwa binadamu wengi vipokezi hivyo vinafanana sana bila kujali ngozi au lugha. Tafiti zilizofuata zenye watu wengi zaidi zilirekebisha hapa na pale, na bado mfumo wa 1931 unatumika karibu karne nzima baadaye. Jiwe la kilo la rangi, kwa maana hii, lilipatikana na likawa imara. Tatizo lilikuja baadaye, pale watu walipotoka kwenye swali la "hizi rangi mbili ni sawa?" wakaingia kwenye swali la "picha hii imependeza?"

Kifundo cha rangi sebuleni

Mwaka 1953 Marekani ilipitisha mfumo wake wa televisheni ya rangi, NTSC. Uliweka taarifa za rangi kwenye mawimbi kwa namna ambayo hitilafu ndogo njiani iligeuza rangi yenyewe, na mtangazaji akawa kijani au zambarau. Kwa hiyo televisheni za Marekani ziliwekwa kifundo cha kurekebisha rangi, na kila familia ikawa fundi wa ugezi bila kujua. Walitumia kipimo gani? Nyuso. Baba anazungusha mpaka mtangazaji aonekane "kama mtu".

Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken, Ujerumani, alitoka na PAL: mstari mmoja wa picha unatumwa kawaida, unaofuata unageuzwa, kosa la huyu linafuta kosa la yule. Kifundo hakihitajiki. Matangazo ya PAL yalianza Uingereza na Ujerumani Magharibi mwaka 1967, na ndio mfumo uliosambaa sehemu kubwa ya Afrika. Zanzibar, iliyokuwa na televisheni ya rangi tangu nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, ilitumia PAL. Tanzania Bara ilisubiri televisheni yake hadi miaka ya 1990, kwa hiyo kwa muda mrefu Unguja ilitazama rangi wakati Dar es Salaam ikisikiliza redio.

Televisheni zile za kioo kizito cha mgongo zilituachia urithi mmoja mkubwa: gama. Ukiongeza umeme maradufu kwenye bomba la picha, mwanga hauongezeki maradufu. Unaongezeka zaidi ya hapo, kwa kanuni ya kipeo kilicho kati ya 2 na 3. Wahandisi wangeweza kuweka saketi ya kurekebisha ndani ya kila televisheni, lakini hiyo ingeongeza bei kwa kila mnunuzi. Wakaamua marekebisho yafanyike upande wa kamera, mara moja tu, kwa niaba ya wote.

Kumbe walikuwa wameokota dhahabu. Jicho la binadamu linatambua tofauti ndogo sana gizani, na tofauti hizo hizo hazilioni kwenye mwanga mkali. Picha iliyorekebishwa kwa gama inagawa namba zake karibu sawasawa na jinsi jicho linavyogawa mwanga: namba nyingi kwa sehemu za giza, chache kwa sehemu za mwanga. Ndiyo maana leo kila rangi ya msingi kwenye picha ya kawaida inatosheka na ngazi 256 tu, kuanzia 0 hadi 255.

Shirley

Sasa tuje kwenye filamu za picha, maana hapa ndipo mambo yanapouma.

Kuanzia miaka ya 1950, Kodak iliwapelekea wasafishaji wa picha kadi ya kulinganishia. Kwenye kadi kuna mwanamke, nguo za rangi kali na mito nyuma yake. Fundi anachapisha kadi, anailinganisha na kadi ya asili, na ngozi ya yule mwanamke ikitoka vizuri, basi mashine iko sawa. Mwanamke wa kwanza aliitwa Shirley. Waliomfuata walikuwa na majina yao, lakini mafundi waliendelea kuziita zote kadi za Shirley. Na kwa miongo kadhaa, wote walikuwa wanawake weupe.

Televisheni ilikuwa na mwenzake. Tangu 1967 BBC ilitumia kadi ya majaribio yenye picha ya msichana mdogo mweupe akicheza na mwanasesere, na ngozi yake ilimsaidia fundi kujua kama rangi imekaa. Mwamba ngoma huvutia kwake, walisema wahenga, na ngoma hii iliwambwa na watu waliokuwa wakitazamana wao kwa wao.

Kumbuka kwamba kadi ile ilikuwa mwisho wa mnyororo mrefu. Kemikali za filamu, uwezo wake wa kushika giza na mwanga kwa pamoja, taa za studio, mashine ya kusafishia: vyote vilirekebishwa mpaka Shirley apendeze. Mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Canada, amelifuatilia suala hili kwa undani. Picha za shule Marekani zilipokuwa na watoto weupe na weusi kwenye fremu moja, filamu ilishindwa: ukimpatia mtoto mweupe mwanga sahihi, uso wa mwenzake mweusi unapotea, yanabaki macho na meno. Malalamiko yaliyoisukuma sana Kodak, kwa mujibu wa Roth, yalikuwa ya watengeneza chokoleti na samani za mbao. Matangazo yao hayakuonyesha tofauti ya chokoleti ya maziwa na chokoleti nyeusi, wala mninga wa huku na mpingo wa kule, kama tungesema kwa lugha yetu. Filamu zikaanza kuboreshwa. Kadi ya Shirley yenye wanawake wa rangi tofauti ilikuja katikati ya miaka ya 1990.

Afrika haikuwa kimya. Mwongozaji wa filamu Jean-Luc Godard, alipofanya kazi Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970 kuhusu televisheni ya taifa jipya, alikataa kutumia filamu za Kodak akisema zina ubaguzi. Afrika Kusini, mfumo wa kamera za papo kwa papo za Polaroid ulitumika kutengeneza picha za vitambulisho vya kupitia, vile vilivyowabana watu weusi. Wafanyakazi wawili weusi wa Polaroid, Caroline Hunter na Ken Williams, walianzisha kampeni dhidi ya kampuni yao wenyewe mwaka 1970, na mwaka 1977 Polaroid ikaondoka kwenye soko hilo.

Tutenganishe mambo mawili hapa. Mtazamaji sanifu wa 1931 ni kipimo. Kadi ya Shirley ni uamuzi wa nani apendeze. Vyote viliitwa "rangi sahihi", na kuchanganya hivyo viwili ndiko kulikoleta madhara.

Kompyuta inarithi

Apple ilipotoa Macintosh mwaka 1984, kazi kubwa iliyofuata ilikuwa uchapishaji. Skrini zake zilirekebishwa kwa gama 1.8 ili zifanane na chapa ya mashine zake, wakati ulimwengu wa PC ulikuwa karibu na 2.2 ya televisheni. Picha iliyotengenezwa kwenye Mac ikifunguliwa kwenye PC ilikuwa nyeusi zaidi, na ikienda kinyume ilikuwa imepauka. Mvutano huo ulidumu hadi mwaka 2009, Apple ilipohamia 2.2.

Mwaka 1993 kampuni nane, zikiwemo Adobe, Apple, Kodak na Microsoft, zilianzisha muungano wa ICC. Wazo lao lilikuwa zuri na rahisi: hatuwezi kulazimisha vifaa vyote vifanane, basi kila kifaa kibebe wasifu wake, faili dogo linalosema "mimi nikiambiwa 200, hutoa rangi hii kwa kipimo cha CIE". Kompyuta inasoma wasifu na kutafsiri, kama mkalimani kati ya Mmakonde na Mgogo.

Kisha mwaka 1996 HP na Microsoft walipendekeza sRGB kwa ajili ya intaneti, na mwaka 1999 ikawa kiwango rasmi cha kimataifa. Waliijengaje? Waliangalia monita za kawaida za ofisi za wakati ule, zile za bomba, wakaandika sifa zake: rangi zake tatu za msingi sawa na za televisheni ya kisasa, weupe wa D65 unaofanana na mwanga wa mchana wenye mawingu kiasi, mwanga wa kandela 80 kwa mita ya mraba, gama inayokaribia 2.2, chumba chenye mwanga hafifu.

Fikiria hilo. Monita za bomba hazitengenezwi tena. Lakini simu yako, laptop yako, na kila kioo chembamba unachokiona dukani vinaigiza bomba la ofisi la miaka ya 1990, kwa sababu ndivyo tulivyokubaliana. "Rangi sahihi" ya kwenye mtandao haikuteremka kutoka mbinguni. Ni makubaliano, na makubaliano yakiheshimiwa na wote, kazi inakwenda.

Hesabu ya nyuso mbili

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii. Kuna kadi ya rangi 24 inayotumiwa na wapiga picha dunia nzima, ilianzishwa mwaka 1976 na inaitwa ColorChecker. Viraka vyake viwili vya kwanza ni "ngozi nyeusi" na "ngozi nyeupe". Kwa thamani za sRGB zinazotumika sana, wekundu wa ngozi nyeusi ni 115 na wa ngozi nyeupe ni 194.

Tuchukue monita isiyosawazishwa, yenye gama 1.8 badala ya 2.2. Unagawa namba kwa 255, kisha unapandisha kwa kipeo cha gama:

- Ngozi nyeusi: kwa 2.2 unapata mwanga wa 0.173, kwa 1.8 unapata 0.238. Ongezeko la karibu asilimia 38.
- Ngozi nyeupe: kwa 2.2 unapata 0.548, kwa 1.8 unapata 0.611. Ongezeko la karibu asilimia 12.

Kosa ni moja, monita ni moja, lakini uso mweusi unapotoshwa mara tatu zaidi ya uso mweupe.

Mwanga wa dirishani nao unafanya vivyo hivyo. Tuseme weupe wa monita yako ni kandela 100, na mwanga wa chumba unaoakisiwa na kioo unaongeza 5 kila mahali. Kwenye ngozi nyeupe, 5 juu ya 54.8 ni asilimia 9. Kwenye ngozi nyeusi, 5 juu ya 17.3 ni asilimia 29. Umeona?

Hakuna aliyekusudia ubaya hapa. Ni hesabu tu: ngozi nyeusi inakaa sehemu ya chini ya ngazi, na makosa ya gama na ya mng'ao hupiga zaidi huko chini. Lakini matokeo yake ni ya kijamii. Mhariri wa picha mwenye monita mbovu anayehariri wateja weupe anaweza kuishi nayo miaka mingi bila kugundua. Anayehariri harusi za Tanga au Kisumu, ambako ukumbi mmoja una weusi ti, maji ya kunde na weupe, atalipa kwa kila albamu. Monita yake inamwonyesha uso uliong'aa vizuri, anaridhika, anatuma; mteja anafungua kwenye simu na kumkuta mama yake amezama gizani. Kisha mhariri anaanza kung'arisha nyuso zote kwa kubahatisha, na mama wa rangi ya mpingo anatoka wa kijivu. Wengine wataiita hiyo "kumpendezesha". Kwa kweli ni kosa la kifaa lililogeuzwa kuwa mtindo.

Ndiyo maana nasema kusawazisha monita si anasa ya wapiga picha wa Ulaya. Kwetu sisi kuna haja kubwa zaidi, na sababu ni hesabu uliyoiona hapo juu.

Basi ufanyeje?

1. Washa monita nusu saa kabla. Mwanga na rangi yake hubadilika inapopata joto. Zima pia ile hali ya usiku inayogeuza skrini kuwa ya njano.

2. Rekebisha chumba kwanza. Usikae umelipa dirisha mgongo, wala taa isiakisiwe kwenye kioo. Hii haina gharama, na umeona hesabu yake.

3. Punguza mwanga. Monita nyingi hutoka kiwandani zikiwa kali mno ili zing'ae dukani. Kwa kuhariri picha, kandela 80 hadi 120 zinatosha. Ukihariri kwenye monita kali, utaipunguza picha mwanga bila kujua, na karatasi itatoka nyeusi. Lawama nyingi wanazobebeshwa watu wa steshenari zinaanzia hapa.

4. Tumia kifaa cha kupimia. Unakilaza juu ya kioo, programu inaonyesha viraka vya rangi kimoja kimoja, kifaa kinasoma. Lengo la kuanzia: weupe wa D65, gama 2.2. Programu ya bure iitwayo DisplayCAL, iliyojengwa juu ya ArgyllCMS, inafanya kazi hii na vifaa vingi. Mwishoni unapata vitu viwili: marekebisho yanayopakiwa kwenye kadi ya picha ya kompyuta, na wasifu wa ICC unaoieleza monita yako kwa programu kama Photoshop, GIMP au darktable. Cha kwanza kinaisogeza monita karibu na kiwango. Cha pili kinasema ukweli kuhusu kilichobaki.

5. Rudia. Taa ya nyuma ya skrini huzeeka. Mara moja kwa mwezi ni desturi nzuri kwa anayeuza picha.

6. Toa picha kwa sRGB kama zinaenda WhatsApp, Instagram au kwa mteja asiyejulikana anatumia nini.

Huna kifaa? Windows na Mac zote zina msaidizi wa kurekebisha kwa macho. Utakusaidia kuweka mwanga na giza, lakini kwa weupe usimwamini sana, kwa sababu jicho huzoea haraka. Karatasi yako unaiona nyeupe saa sita mchana na unaiona nyeupe chini ya balbu ya njano usiku, ingawa mwanga unaotoka kwenye karatasi ile umebadilika kabisa. Jicho ni hodari wa kulinganisha vitu viwili vilivyo pamoja, kama watazamaji wa Wright na Guild walivyofanya. Kukumbuka rangi ya jana halikuumbiwa. Njia ya watu wa kawaida ni kushirikiana: kifaa kimoja kinatosha klabu nzima ya wapiga picha wa chuo, maana kinatumika dakika chache tu kwa kila monita.

Kipimo na hukumu

Baada ya yote hayo monita yako itakuwa mwaminifu. Itaonyesha namba 115 kama dunia ilivyokubaliana 115 ionekane. Lakini haitakuambia kama 115 ndiyo ngozi ya huyo mama. Hapo bado kuna kazi ya kamera, ya taa, na ya wewe uliyekuwepo ukamwona kwa macho yako. Kazi hiyo inaendelea kubadilika: mwaka 2022 mwanasosholojia Ellis Monk wa Harvard, akishirikiana na Google, alitoa ngazi ya rangi 10 za ngozi ili programu za picha zipimwe kwa watu wengi zaidi ya wawili wa kwenye kadi.

Sisi wenyewe tuna "maji ya kunde" tangu zamani, rangi ambayo kadi ya 1976 haina kiraka chake. Sijaona sababu kwa nini klabu ya picha ya chuo chochote hapa kwetu isitengeneze kadi yake: nyuso kumi za watu waliokubali, taa moja, rangi zao zikiwa zimepimwa kwa kifaa, na faili likagawiwa bure. Ukisawazisha monita yako wiki hii, jaribu kuanza na uso mmoja wa nyumbani. Mwite mwenye uso akae kando ya skrini, mwanga uwe wa mchana, kisha mtazame yeye na utazame picha. Muulize naye anaonaje.